Siku Moja ya Redio: Jinsi Saa Zinavyogawanywa

Watu wengi husikiliza redio kama mtu anywaye maji ya mto: huteka yapitayo mbele yake, wala haulizi yametoka wapi. Hufungua redio, akikuta muziki hufurahi, akikuta hotuba hupiga miayo, na akikuta lugha asiyoijua huifunga. Lakini vipindi vya redio havipiti ovyo kama maji. Kila dakika imewekwa mahali pake na mtu aliyeketi mezani na kalamu, akajiuliza: Saa hii ni nani aliye nyumbani? Yumo katika kazi gani? Yafaa asikie nini? Na tukimpa huyu saa hii, ni nani tutakayemnyima?

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha somo letu. Kwanza tutaitazama siku moja ya redio ya Uingereza kama ilivyokuwa katika miaka ya 1950, tangu asubuhi hata usiku wa manane. Kisha tutarudi kwetu, Kisumu na pwani ya Ziwa Victoria, tuone jinsi utaratibu ule ulivyofika huku na kukutana na mambo mawili makubwa: wingi wa lugha na uchache wa saa.

Idhaa tatu za Uingereza

Shirika la BBC lilianza kutangaza kutoka London tarehe 14 Novemba 1922. Hapo mwanzo lilikuwa kampuni; tarehe 1 Januari 1927 likawa shirika la umma, na mkuu wake, John Reith, alishika neno moja: kazi ya redio ni kuarifu, kufundisha na kuburudisha. Halikutangaza bidhaa za wafanya biashara. Fedha zake zilitoka kwa wasikilizaji wenyewe, kwa njia ya leseni ya kila mwaka. Leseni hiyo ilikuwa shilingi kumi za Kiingereza, na tangu mwaka 1946 ikawa pauni moja.

Hapa msomaji na atue kidogo afikiri. Bwana shamba alilipa pauni moja. Mfanyakazi wa kiwanda alilipa pauni moja. Na mwalimu wa chuo kikuu vile vile. Basi kila mmoja alikuwa na haki ya kusema, "Ziko wapi saa zangu?"

Wakati wa vita vya mwaka 1939 BBC ilianza kwa kukusanya vipindi vyake katika idhaa moja iliyoitwa Home Service, yaani Idhaa ya Nyumbani. Vita vilipokwisha Ulaya iliongezwa, tarehe 29 Julai 1945, Light Programme, idhaa ya burudani nyepesi. Tena tarehe 29 Septemba 1946 ikafunguliwa Third Programme, Idhaa ya Tatu, iliyotangaza jioni na usiku tu. Hiyo ya tatu ilikuwa na muziki mzito, michezo ya kuigiza ya kale na mazungumzo ya wataalamu. Wasikilizaji wake walikuwa wachache sana, na watu wengi walinung'unika kwamba fedha za wengi zatumiwa kwa ajili ya wachache. BBC iliendelea nayo, kwa kuwa hata wachache ni watu.

Asubuhi

Sasa tuifuate siku. Saa zote tutakazotaja ni za London.

Asubuhi Idhaa ya Nyumbani ilitoa hali ya hewa, kisha taarifa ya habari saa moja na tena saa mbili. Kabla ya habari za saa mbili yalikuwapo mazungumzo ya dakika chache juu ya dini, yakiitwa Lift Up Your Hearts, yaani Inueni Mioyo. Kabla ya saa kutimia zilisikika tiki sita kutoka Greenwich, na ile ya sita ndiyo saa kamili. Tiki hizo zilianza tarehe 5 Februari 1924. Reli, viwanda na shule vilirekebisha saa zao kwa sauti hiyo. Kabla ya redio kumfundisha mtu jambo lo lote, ilikuwa imekwisha kumfundisha kwamba dakika moja ni dakika moja kwa watu wote.

Baada ya habari za saa tatu, waume walipokuwa kazini na watoto shuleni, idhaa ya burudani ilifungua kipindi kilichoitwa Housewives' Choice, yaani Chaguo la Mama wa Nyumbani. Kilianza mwaka 1946. Wanawake waliandika postikadi wakitaja nyimbo wanazozitaka, na sahani hizo zikapigwa. Mtu aliyepata kusikiliza vipindi vya salamu vya redio zetu, na kadi zake zenye majina ya jamaa na marafiki, atakitambua kipindi hicho mara moja.

Saa nne na robo Idhaa ya Nyumbani ilikuwa na ibada fupi ya kila siku, iliyoanza mwaka 1928. Baadaye kidogo idhaa ya burudani ilipiga Music While You Work, muziki wa kufanyia kazi. Kipindi hiki kilianza mwezi Juni 1940, wakati viwanda vya silaha vilipokuwa vikifanya kazi usiku na mchana. Kilikuwa nusu saa, mara ya kwanza asubuhi na mara ya pili alasiri, muziki ukifuatana bila maneno mengi katikati, ili mikono ya wafanyakazi isilegee. Hata nyimbo zilichaguliwa kwa kazi hiyo. Wimbo mmoja wa Kimarekani, Deep in the Heart of Texas, ulipigwa marufuku katika kipindi hicho, kwa maana una mahali pa kupiga makofi. Ilihofiwa kwamba wafanyakazi wangeweka vyombo chini wapige makofi, au wangegonga mashine kwa nyundo zao. Twaona basi kwamba hata muziki mwepesi ulikuwa umepimwa.

Wakati huo huo madarasa mengi yalikuwa yakisikiliza vipindi vya shule katika Idhaa ya Nyumbani. BBC ilianza kutangaza kwa ajili ya shule mwaka 1924. Mwalimu wa kijiji asiye na ala za muziki wala vitabu vingi aliweza kuwaletea wanafunzi wake sauti ya mtaalamu.

Mchana na alasiri

Wakati wa chakula cha mchana kilisikika, siku kadha za juma, Workers' Playtime, kipindi cha waimbaji na wachekeshaji kilichotangazwa toka ukumbi wa chakula wa kiwanda fulani. Kilianza mwaka 1941, na kwa sababu ya vita kiwanda hakikutajwa kilipo, adui asije akakijua.

Saa saba na dakika arobaini na tano ilikuwa zamu ya watoto wadogo ambao hawajaanza shule. Kipindi chao, Listen with Mother, kilianza Januari 1950. Kilikuwa robo saa ya hadithi na nyimbo, na mtoto alikisikiliza pamoja na mama yake. Mtoto alipokwisha kusinzia, saa nane, ilikuja zamu ya mama mwenyewe: Woman's Hour, Saa ya Wanawake, iliyoanza tarehe 7 Oktoba 1946. Ajabu ni kwamba mtangazaji wake wa kwanza alikuwa mwanamume. Huko yalizungumzwa mapishi na mavazi, lakini pia afya, sheria na mambo ambayo watu hawakuzoea kuyataja mbele za wageni. Alasiri ulifuata mchezo wa Mrs Dale's Diary, habari za mke wa daktari na jamaa yake, ulioanza mwaka 1948.

Msomaji, tazama jinsi saa hizo zilivyokatwa. Aliyezipanga alimwona mama mmoja wa mji wa Uingereza kama aliyekuwa mbele ya macho yake: amekwisha osha vyombo, mtoto amelala, mume hajarudi, naye ameketi na kazi ya kushona. Mama wa namna hiyo alikuwako, na kipindi kilimfaa. Tutamkumbuka tutakapofika Kisumu.

Jioni na usiku

Saa kumi na moja watoto walirudi shuleni wakakuta Children's Hour katika Idhaa ya Nyumbani, kipindi kilichodumu tangu mwaka 1922 hata 1964. Saa kumi na mbili zilikuja habari. Halafu, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, idhaa ya burudani ilitoa robo saa iliyopendwa mno: The Archers.

Yafaa tukae kidogo na mchezo huu. Ulianza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951, nao wahusu jamaa ya wakulima katika kijiji cha kubuniwa kiitwacho Ambridge. Wakati ule chakula kilikuwa kingali kikigawanywa kwa vyeti, wala mgao haukwisha mpaka mwaka 1954. Serikali ilitaka wakulima wavune zaidi, lakini mkulima aliyechoka jioni hapendi hotuba. Godfrey Baseley wa BBC, akishauriana na Wizara ya Kilimo, aliweka mafunzo ndani ya hadithi: mtu na jirani yake wanabishana juu ya ng'ombe mgonjwa, na msikilizaji anayetaka kujua ugomvi utakwishaje hujifunza dawa ya ng'ombe pasipo kujua kwamba amefundishwa. Watu waliwahesabu wale wa hadithi kama jirani zao. Tarehe 22 Septemba 1955, kijana mmoja wa mchezo huo, Grace Archer, alipokufa kwa moto katika hadithi, nchi iliingia majonzi kana kwamba amekufa mtu kweli. Mchezo huo unaendelea hata leo. Njia hiyo hiyo imetumika Afrika Mashariki. Mathalan, Redio Tanzania ilianza mwaka 1993 mchezo wa Twende na Wakati, ulioweka ndani ya hadithi mafunzo ya uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI.

Ijumaa jioni palikuwa na kipindi kilichofanana na baraza, Any Questions?, kilichoanza mwaka 1948. Watu walikusanyika ukumbini, wakauliza maswali, na wakubwa wanne wakajibu papo hapo bila kuyajua maswali mbele. Lakini hata baraza hilo lilikuwa na ua wake. Ilikuwapo kanuni kwamba redio isijadili jambo litakalojadiliwa Bungeni katika siku kumi na nne zijazo. Watu waliilalamikia sana, na mwaka 1957 iliondolewa. Kwa hiyo tusidhani kwamba kupewa saa ni sawa na kupewa ruhusa ya kusema yote.

Saa tatu usiku kengele ya Big Ben ililia na Idhaa ya Nyumbani ikatoa habari kuu. Wengine wakabaki na michezo ya kuchekesha, wengine wakahamia Idhaa ya Tatu. Idhaa ya burudani, ambayo mawimbi yake marefu yalifika mbali baharini, ilikuwa na kazi moja ya namna ya peke yake: kusoma hali ya bahari kwa manahodha, sehemu moja baada ya nyingine, upepo unavuma kutoka wapi na kwa nguvu gani. Kwa aliyelala nyumbani maneno hayo yalikuwa kama wimbo wa kulaza mtoto. Kwa aliye majini, dakika hizo ndizo zilizomwambia kama aondoke au akae bandarini. Mvuvi wa Dunga, Usenge au Mbita hahitaji kuelezwa zaidi.

Utaratibu huo ulipofika kwetu

Redio ilianza Kenya mwaka 1928, kwa Kiingereza, na kwa ajili ya Wazungu. Waafrika walianza kutangaziwa wakati wa vita vya pili, ili wazazi na jamaa za askari wapate habari za vita walikokwenda vijana wao. Mwaka 1953 iliundwa African Broadcasting Services, idhaa ya Waafrika, iliyotangaza kwa Kiswahili, Kijaluo, Kikuyu, Kinandi, Kiluhya, Kikamba na Kiarabu. Huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Nayo serikali ya kikoloni ilitaka sauti yake ifike nyumbani kwa watu kabla ya sauti za wengine. Baadaye zikawako stesheni za majimbo: Sauti ya Mvita Mombasa, stesheni ya Mlima Kenya huko Nyeri, na stesheni ya Ziwa hapa Kisumu.

Uingereza ilikuwa na idhaa tatu kwa lugha moja kubwa, ingawa huko Wales saa kadha zilitengwa kwa Kiwelshi. Kwetu mambo yaligeuka: lugha nyingi katika mlango mmoja. Watu wanaoizunguka Kisumu ni Wajaluo, Waluhya, Wagusii, Wanandi na Wakipsigis, pamoja na wenye kusema Kiswahili katika mji na soko. Na tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme stesheni yafungua saa tano jioni na usiku, na lugha ni tano. Kila lugha itapata saa moja. Ondoa robo saa ya habari, robo saa ya kilimo, na dakika kumi za matangazo: zimebaki dakika ishirini. Humo waingie wanawake, watoto, wazee na muziki. Wakati huo wenye lugha nne nyingine hawana la kusikiliza. Saa ya huyu ni kimya cha yule. Ndiyo maana ugomvi juu ya nusu saa ya redio haukuwa ugomvi wa mchezo. Wahenga walisema, mwenye kisu ndiye mla nyama. Na katika redio kisu ni karatasi ya vipindi.

Tena fikiri juu ya matangazo ya vifo, ambayo redio yetu imeyasoma kwa miaka mingi. Mtu wa Siaya au Homa Bay afanyaye kazi Mombasa aliweza kupata kwa redio habari kwamba mzazi wake amefariki na siku ya maziko ni ipi. Dakika hizo zikimpita, huenda akafika kaburi limekwisha kufukiwa. Kwa mtu huyo, kujua saa ya kipindi kulikuwa jambo kubwa kuliko kuwa na redio nzuri.

Jambo la pili ni saa zenyewe. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mama wa Uingereza aliketi kushona saa nane mchana. Mama wa pwani ya Ziwa saa hiyo huenda yuko sokoni, au anageuza samaki juani, au yuko njiani na mtungi wa maji. Mfanyakazi wa London alirudi nyumbani jioni akasikiliza habari. Mvuvi wa omena jioni ndipo anapotia taa mtumbwini kwenda ziwani, na hulala mchana. Mwenye kupanga vipindi akinakili karatasi ya London, atatangaza hali ya ziwa wakati mvuvi amekwisha ondoka, na mafunzo ya afya wakati mama hayupo. Maneno yatakuwa mazuri, lakini yatasemwa kwa kiti kitupu.

Mabadiliko yaliyofuata

Tarehe 27 Juni 1957 BBC yenyewe ilianza kutangaza kwa Kiswahili kutoka London, na msikilizaji wa Afrika Mashariki akapata mizani ya kupimia habari za nyumbani kwa habari za mbali. Mwaka 1961 liliundwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Mwaka 1964, baada ya uhuru, likawa Sauti ya Kenya chini ya serikali. Na mwaka 1989 likarudia jina la shirika. Huko Uingereza idhaa tatu za zamani zilikwisha tarehe 30 Septemba 1967, zikawa Radio 1, 2, 3 na 4. Na leseni ya redio peke yake ikafutwa mwaka 1971.

Kenya ilipofungua mlango kwa stesheni za watu binafsi katika miaka ya 1990, lugha zilianza kupata mawimbi yao zenyewe. Leo Mjaluo anayo Mayienga ya shirika la umma hapa Kisumu, anayo Ramogi ya watu binafsi, na nyingine tena. Dukani Mamboleo, penye njia ya Kakamega na ya Miwani, mtu aweza kusikia stesheni kadha kwa hatua chache. Ile shida ya lugha kungojeana imepungua sana. Lakini swali la zamani halikufa. Stesheni iishiyo kwa matangazo ya biashara humtafuta kwanza msikilizaji mwenye fedha za kununua. Na wale wachache, mvuvi, mzee, mtoto asiyeanza shule, wanaweza kukosa dakika hata katika wingi wa stesheni.

Mambo ya kushika

Kwanza, jua saa za vipindi vinavyokufaa, uziandike ukutani. Mshika mawili, moja humponyoka. Redio iliyo wazi kutwa huzoeleka kama mlio wa upepo, na siku ya habari kubwa haisikiki.

Pili, sikiliza na wenzako, kisha mzungumze. Kipindi cha kilimo kisichofuatwa na mazungumzo huishia masikioni.

Tatu, waandikieni au wapigieni simu wenye stesheni. Mama wa Uingereza aliyetuma postikadi hakuomba hisani. Alidai sehemu yake. Ukiona saa ya kipindi haimfai aliyekusudiwa, sema, na utaje saa itakayomfaa.

Nne, jiulize daima ni nani asiyesemeshwa. Katika siku nzima ya vipindi, mtu asiye na hata robo saa ndiye wa kwanza kusahauliwa na katika mambo mengine.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini BBC iliendelea na Idhaa ya Tatu ingawa wasikilizaji wake walikuwa wachache?
2. The Archers iliwafundishaje wakulima? Taja jambo moja la kijiji chako liwezalo kufundishwa kwa hadithi.
3. Eleza maana ya maneno "saa ya huyu ni kimya cha yule".
4. Wewe ukipewa saa tano za jioni kwa ajili ya watu wote wa pwani ya Ziwa, utazigawaje? Andika karatasi ya vipindi, kisha umwonyeshe mvuvi, mama wa sokoni na mwanafunzi, uone kama watakubali.